Mwaka wa kwanza Ottawa: mavazi, jiko, simu za nyumbani na Jumamosi za kutoka, majira kwa majira

Wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki na Kongo tukifika Ottawa, mji mkuu wa Kanada ulioko mkoa wa Ontario, hujiambia neno moja: tuvumilie baridi, kiangazi kikija tutaishi. Mimi neno hilo nalipinga kwa moyo wote. Baridi ya mji huu huanza Novemba na huachia Aprili. Anayesubiri joto ndipo atoke nje anatupa karibu nusu ya kila mwaka wake, na upweke wa ndani ya nyumba humdhoofisha mtu kuliko theluji. Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria mtu anayefika Septemba, kama wafikavyo wanafunzi na familia nyingi zenye watoto wa shule. Ukifika mwezi mwingine, anzia kwenye majira uliyoyakuta, ila hatua ya mavazi usiiruke.

Hatua ya 1: Kadi za wiki ya kwanza

Hapa sitakaa sana, maana mashirika ya kupokea wageni yatakuelekeza. Unahitaji namba ya SIN ili ufanye kazi, kadi ya OHIP, yaani bima ya afya ya mkoa, kama unastahili, akaunti ya benki, na kadi ya Presto ya kupandia basi na treni ya mjini. Ukipanga nyumba Gatineau, ujue kwamba umevuka mto na kuingia mkoa wa Quebec. Huko kadi ya afya ni ya mkoa mwingine, kodi za serikali ni nyingine, na ofisini kinatawala Kifaransa. Warundi na Wakongo wengi wanapenda upande huo kwa sababu ya lugha, ingawa Ottawa nayo ina shule za umma zinazofundisha kwa Kifaransa.

Ziandike namba hizi mahali ambapo kila mtu nyumbani ataziona. 911 ni ya dharura. 811 ni ya kuzungumza na muuguzi bila kutoka nyumbani. 311 ni ya manispaa, kwa mfano mwenye nyumba akikataa kuwasha joto au njia ikiwa haijaondolewa theluji. 211 ni ya kuulizia misaada ya kijamii. Ukishaona hesabu ya kwanza dukani usidhani umeibiwa: bei iliyoandikwa kwenye rafu haina kodi ya mauzo, ambayo Ontario ni asilimia 13. Vyakula vya msingi kama unga, maziwa na mboga havitozwi.

Wiki hiyohiyo nenda maktaba ya umma. Kadi ni bure kwa mkaazi, na mbali na vitabu wanaazimisha pasi za kuingilia makumbusho. Kama wewe ni mkaazi wa kudumu ambaye hujamaliza miaka 5, au umekuwa raia karibuni, jisajili pia kwenye programu ya simu inayoitwa Canoo. Inakuingiza wewe na watoto wako bila malipo kwenye makumbusho na hifadhi nyingi za nchi nzima. Nimekutana na watu waliokuja kuisikia mwaka wa sita, muda umeshapita. Jisajili leo.

Hatua ya 2: Mavazi, kabla ya katikati ya Novemba

Usinunue koti la baridi Dar, Nairobi wala Dubai. Yale yauzwayo huko kama makoti ya baridi hapa ni ya Oktoba tu. Usikimbilie pia maduka ya bei kubwa. Mitumba tunayoifahamu nyumbani chanzo chake ni nchi kama hii, kwa hiyo nenda kwenye maduka ya Value Village au Salvation Army mapema, Septemba na Oktoba, kabla koti zuri halijachukuliwa na mwingine. Kagua zipu, kagua kofia ya koti, tia mkono mifukoni uone kama haijatoboka. Koti lifunike makalio, na liwe na nafasi ya sweta ndani.

Siri ya joto ni tabaka, si unene wa nguo moja. Ya kwanza inagusa mwili: fulana na suruali ya ndani ya sufu au ya kitambaa cha michezo, si ya pamba. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji, na maji yale hukupoza ukisimama kituoni. Ya pili ni sweta. Ya tatu ni koti linalozuia upepo. Ndani ya basi na dukani kuna joto kali, kwa hiyo vaa vitu vinavyovulika haraka.

Pesa yako nyingi iende miguuni. Buti ziwe zimeandikwa kiwango cha baridi zinachohimili, na kwa Ottawa tafuta −30. Zinunue kubwa kidogo ili soksi nene isikubane, kwa sababu mguu uliobanwa huganda upesi. Kwa mikono, glavu zisizotenganisha vidole zina joto kuliko zenye vidole vitano. Mwenye kuvaa hijabu au kilemba asidhani kinatosha kufunika masikio. Avae kofia ya sufu juu yake.

Watoto wanahitaji zaidi. Shule huwatoa uwanjani wakati wa mapumziko hata kukiwa na −15, na hiyo si adhabu, ndivyo wanavyolelewa hapa. Mtoto awe na suruali ya theluji, buti, kofia, kitambaa cha kufunika shingo na jozi mbili za glavu, maana moja italowa kabla ya saa sita mchana. Andika jina kwenye kila kitu, hata glavu moja moja.

Nyumbani viatu vyote vinaishia mlangoni, kama ilivyo kwetu. Chumvi inayomwagwa barabarani hula ngozi ya viatu na kuacha alama nyeupe, basi vifute kwa maji yenye siki kidogo. Hewa ya ndani hukauka hadi pua zitoke damu na ngozi ipauke. Jipake mafuta mazito mara tu utokapo kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi yataganda chupani kama samli, kwa hiyo nunua ya kopo lenye mdomo mpana.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma utabiri wa hali ya hewa

Kila asubuhi tazama namba mbili: nyuzi za joto na baridi ya upepo. Ya pili ndiyo inayoamua mavazi. Siku inaweza kuwa −17 lakini upepo ukaifanya ngozi ihisi −28. Kwenye −28 hiyo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika −40 ni dakika 5 hadi 10 tu. Dalili ni ganzi na ngozi kubadilika rangi. Kwenye ngozi nyeusi weupe hauonekani upesi, kwa hiyo usingoje kuona, sikiliza ganzi. Ingia ndani, ipashe sehemu hiyo joto polepole kwa maji ya uvuguvugu, wala usiisugue.

Siku inayotisha zaidi si ya baridi kali. Ni ile ya karibu na 0, mvua inaponyesha na kugandia chini. Tembea kwa hatua fupi, unyayo wote ukanyage kwa pamoja, mikono iwe nje ya mifuko. Kuna vyuma vidogo vya meno vinavyofungwa chini ya buti. Kwa mzee au mama mjamzito naviona vya lazima.

Hatua ya 4: Giza na simu za nyumbani

Desemba jua la Ottawa huchomoza karibu saa moja na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini jioni. Unakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Watu huanza kulala sana, kula kupita kawaida, kukataa simu. Hilo lina jina kwa madaktari wa hapa na lina tiba, kwa hiyo likikuzidi liseme kwa daktari bila haya. Kwa kila siku, toka nje mchana walau nusu saa, hata kama ni kuzunguka jengo la kazini. Muulize pia daktari au mfamasia kuhusu vitamini D, maana jua la majira hayo ni hafifu mno kuipa ngozi ya kutosha.

Waislamu wataona mabadiliko haya kwenye sala: Magharibi ya Desemba huingia ukiwa bado kazini, ya Juni huingia karibu saa tatu usiku. Panga na msimamizi wako mapema. Ukiomba kwa adabu dakika chache za sala, waajiri wengi huelewa.

Kuhusu simu, saa za hapa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba na kusogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Kwa hiyo majira ya baridi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wako mbele yetu kwa saa 8, majira ya joto saa 7. Bujumbura, Kigali, Bukavu na Lubumbashi toa saa moja. Ukitoka kazini saa kumi jioni ukampigia mama aliyeko Tanga, kwake ni saa sita usiku, atashtuka akidhani kuna msiba. Wakati mzuri ni Jumamosi saa tatu asubuhi ya Ottawa: Tanga ni saa kumi na moja jioni, watu wamepumzika, na wewe bado una siku nzima ya kutoka.

Hatua ya 5: Jiko

Maduka ya Waafrika yapo Ottawa na Gatineau. Humo utapata unga mweupe wa mahindi, unga wa muhogo, mawese, dagaa, na majani ya muhogo yaliyogandishwa, yaani kisamvu kwa Mtanzania na sombe kwa Mkongo. Maharage, mchele, nazi ya kopo na viungo vya pilau ni nafuu zaidi kwenye maduka ya Wahindi na Waarabu. Sukuma wiki huipati kila mahali, lakini majani yanayoitwa kale yapo kila duka, na ukiyakata membamba na kuyakaanga na kitunguu yanakwenda vizuri na ugali.

Vitu vya kawaida nunua No Frills, Food Basics au FreshCo. Matangazo ya punguzo hubadilika kila wiki, na programu ya Flipp hukusanya yote mahali pamoja. Pika wingi Jumapili, gandisha. Siku ya dhoruba ya theluji ukirudi saa mbili usiku na kukuta mchuzi tayari, utashukuru.

Hatua ya 6: Jumamosi za baridi

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mfereji wa Rideau, uliochimbwa kati ya 1826 na 1832, hupita katikati ya mji, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Ukiganda, kilomita 7.8 zake hugeuka uwanja wa kuteleza, na huingii kwa tiketi. Utaona wazee, wafanyakazi wenye mikoba wakienda ofisini, na wazazi wanaosukuma watoto kwenye vigari vya kuteleza. Kwa kawaida hufunguliwa Januari, barafu ikishafika unene wa sentimita 30 hivi. Bendera ya kijani maana yake ingia, nyekundu usiingie. Usiingie nyekundu hata kama unaona wengine wanaingia. Msimu wa 2022 hadi 2023 haukufunguliwa kabisa, kwa mara ya kwanza tangu utaratibu huo uanze miaka ya 1970, kwa sababu hapakuganda vya kutosha. Ukisikia umefunguliwa, usiahirishe hadi wiki ijayo.

Usianzie pale, lakini. Anzia kwenye kiwanja kidogo cha mtaa wenu, au kile cha pembeni ya ukumbi wa manispaa kinachogandishwa kwa mitambo. Viatu vya kuteleza vya mitumba vipo, na mferejini wanakodisha. Vifunge kwa nguvu kwenye kifundo cha mguu. Kunja magoti, egemea mbele kidogo, na uzito wako usiuweke kisiginoni. Watoto wavae helmeti, na mtu mzima anayejifunza pia avae, usione aibu. Utaanguka. Ukianguka, kunja vidole visije vikakanyagwa, geuka upige magoti, simama mguu mmoja kwanza. Kisha nenda kwenye vibanda vya juu ya barafu ukanunue kinywaji cha kakao cha moto.

Barafu ya mferejini hupimwa na watu wenye kazi hiyo. Barafu ya mtoni na ziwani haipimwi. Usiikanyage kwa kufuata nyayo za mwingine.

Februari kuna tamasha la Winterlude, lililoanza 1979, lenye sanamu za barafu na viwanja vya watoto kuteleza upande wa Gatineau. Siku ambazo baridi inazidi −25, nenda makumbusho. Matunzio ya taifa ya sanaa na makumbusho ya vita yamekuwa yakifungua milango bure Alhamisi jioni. Angalia saa kwenye tovuti zao kabla ya kutoka. Kwa watoto, makumbusho ya historia yaliyoko ng'ambo ya mto yana sehemu yao nzima ya kucheza, na kutoka pale unaliona bunge juu ya genge vizuri kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya 7: Machi hadi Mei

Machi ni mwezi wa matope na kukata tamaa, maana kalenda inasema baridi imekwisha na theluji inasema bado. Ndiyo maana nakushauri utoke mjini. Usiku unapokuwa chini ya 0 na mchana juu yake, utomvu hupanda kwenye miti ya mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera. Wakulima huutega, huuchemsha, na karibu lita 40 za utomvu hutoa lita 1 tu ya sharubati. Wilaya ya Lanark, magharibi ya Ottawa, ina mashamba mengi yanayopokea wageni kwa chapati nene na sharubati mbichi. Bila gari, tafuta watu watatu mchangie la kukodi. Kanisa au msikiti wako huenda wanapanga safari; wasipopanga, pendekeza wewe.

Mei yanakuja maua ya tulipu kando ya ziwa Dow's, na historia yake kila mgeni anastahili kuijua. Mwaka 1940 Wanazi walipoivamia Uholanzi, Juliana, binti wa malkia na mrithi wa kiti chake, alikimbilia Ottawa na watoto wake. Januari 1943 akajifungua hapa binti, Margriet, na serikali ya Kanada ikatangaza kwamba chumba cha uzazi si ardhi ya Kanada, ili mtoto awe na uraia wa Uholanzi peke yake. Vita ilipokwisha 1945, Waholanzi wakatuma vitunguu vya tulipu 100,000, na kila mwaka hadi leo hutuma vingine. Kwa hiyo ukiwa umefika hapa kwa kukimbia vita vya Kivu au vya Burundi, tembea katikati ya maua yale bila unyonge. Yamepandwa kwa sababu ya familia ya wakimbizi iliyopokewa vizuri. Huingii kwa tiketi. Nenda siku ya kazi jioni, mwisho wa wiki hapakanyagiki.

Anayepanga nyumba karibu na mto Ottawa aulize kwanza kuhusu mafuriko ya theluji inayoyeyuka. Ya 2017 na 2019 yalihamisha watu.

Hatua ya 8: Majira ya joto

Haya hayahitaji mtu wa kukusukuma. Jua linazama karibu saa tatu usiku, joto hupita 30, na unyevu utakukumbusha Mombasa. Fukwe za Mooney's Bay na Britannia zina waokoaji kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Agosti. Angalia hali ya maji kabla ya kuingia. Maziwa ya hapa hushuka ghafla, na wengi wetu hatukufundishwa kuogelea hata kama tumezaliwa ufukweni. Manispaa inafundisha watoto na watu wazima kwa ada ndogo, na ina punguzo kwa wenye kipato cha chini. Mwisho wa wiki baadhi ya barabara za kando ya mto hufungwa asubuhi, magari yasipite, ili watu waendeshe baiskeli.

Kwa mishikaki ya bustanini, soma kibao kwanza uone kama jiko la mkaa linaruhusiwa, na majivu yasimwagwe nyasini.

Jambo moja tulichukulie kwa uzito: kupe. Wapo kwenye nyasi ndefu na vichaka vya eneo hili, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu ya rangi nyepesi, ichomeke ndani ya soksi, pita katikati ya njia. Ukirudi kagua kwapa, nyuma ya magoti, kiunoni, na kichwani mwa watoto chini ya misuko. Ukimkuta kupe, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima, usimpake mafuta wala kumchoma. Kisha nenda kwa mfamasia. Katika Ontario mfamasia ana ruhusa ya kukuandikia dawa ya kinga kama inafaa.

Hatua ya 9: Majani yanapogeuka

Septemba ni ya kuchuma tufaha mashambani, Oktoba ni ya rangi. Vuka mto uende hifadhi ya Gatineau, kilomita za mraba 361 za misitu na maziwa. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi sikukuu ya shukrani, Jumatatu ya pili ya Oktoba, milima yote huwa nyekundu na ya dhahabu. Mahali pa kutazamia ni Champlain. Ukitaka kutembea, zunguka ziwa Pink, ambalo halina uwaridi wowote, maji yake ni ya kijani na kuogelea ni marufuku. Nenda siku ya katikati ya wiki au ufike kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo utaishia kwenye foleni ya magari. Miaka ya karibuni pamekuwa na mabasi ya bure kutoka katikati ya mji siku za mwisho wa wiki.

Ukirudi, shughulikia gari. Magari yaliyosajiliwa Quebec sheria inayataka yawe na matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Ontario hailazimishi, lakini mimi simshauri mtu yeyote wa Ottawa aendeshe bila hayo, na kampuni za bima za mkoa huu zinatakiwa kukupa punguzo ukiyafunga, kwa hiyo wapelekee risiti. Weka miadi na fundi Oktoba mwanzoni. Theluji ya kwanza ikianguka kila mtu hupiga simu siku hiyohiyo, na utaambiwa usubiri wiki mbili au tatu.